Marejesho ya kodi ya 2022 bado yako, ila mwisho ni 15 Aprili 2026

*"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa Kikongo. Tulifika Texas Oktoba 2021 tukitokea kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Mwaka 2022 nilifanya kazi kiwanda cha nyama mwaka mzima. Nilipata dola 27,000, na kwenye karatasi ya mwisho ya mshahara naona walikata dola 1,350 za kodi ya shirikisho, ukiacha zile za Social Security. Januari 2023 tukahamia Ohio. W-2 yangu, ile karatasi ya mwajiri ya mshahara na kodi ya mwaka, ilipotelea kwenye anwani ya zamani na sikujaza chochote kwa mwaka ule. Kuanzia mapato ya 2023 kuna mtu ananijazia kila mwaka. Nyumbani niko na mtoto wangu, wakati ule alikuwa na miaka 9, na mtoto wa marehemu dada yangu, alikuwa na miaka 13. Tulikuja wote kwenye kesi moja ya ukimbizi. Mume wangu yuko kambini hadi leo. Jirani ananiambia pesa za 2022 zimeshapotea. Mwingine anasema serikali inazitunza hata miaka kumi. Kuna kaka mmoja anataka asilimia 30 ili anitolee. Mwisho wa mwaka huu nataka kuomba uraia, naogopa nisije nikajichokoza mwenyewe, nipigwe faini au ninyimwe msaada wa chakula wa SNAP. Nifanyeje?"*

Dada yangu, pesa hizo hazijapotea. Na kwa hesabu nitakayokuonyesha hapa chini, huenda si dola 1,350 tu bali ni zaidi ya dola 9,000. Lakini umeniandikia Februari, na siku ya mwisho ni Jumatano tarehe 15 Aprili 2026. Kwa hiyo soma jibu hili leo, na kesho uanze kazi.

Majirani zako wote wawili wamekosea, kila mmoja kwa upande wake. Sheria ya kodi ya Marekani inampa mtu miaka mitatu kudai kodi aliyolipa kupita kiasi. Ikipita, pesa inabaki Hazina ya serikali moja kwa moja, na hakuna ofisa wa IRS, idara ya kodi ya shirikisho, mwenye mamlaka ya kukuonea huruma. Huu si mkasa wa watu wachache. Mwaka 2025 IRS ilikadiria kwamba zaidi ya watu milioni 1.1 hawakuwa wamejaza ritani (fomu ya kodi ya mwaka) ya 2021, na zaidi ya dola bilioni 1 zilikuwa zikiwangoja hadi 15 Aprili mwaka huo. Ambao hawakudai wamezikosa.

Nikueleze jinsi miaka hiyo mitatu inavyohesabiwa, maana hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Kodi iliyokatwa kwenye mshahara wako kila wiki mwaka 2022, mbele ya sheria, inahesabiwa kwamba uliilipa yote siku moja, yaani 15 Aprili 2023. Haijalishi kwamba kiwanda kilikata Februari au Novemba. Unapoleta ritani iliyochelewa, IRS inasimama kwenye siku uliyoileta na kutazama nyuma miaka mitatu. Kodi inayoonekana kulipwa ndani ya miaka hiyo inaweza kurudishwa. Iliyolipwa kabla ya hapo haiguswi. Ukituma 15 Aprili 2026, miaka mitatu inafika hadi 15 Aprili 2023 na pesa yako yote imo ndani. Ukituma tarehe 16, yote iko nje. Haipungui kidogo kidogo kadiri unavyochelewa: ipo yote, halafu haipo kabisa. Nafuu za kodi za watoto nazo zinafuata hesabu hiyohiyo.

Utasikia wengine wakisema siku ya mwisho ni 18 Aprili, kwa sababu mwaka 2023 watu walipewa hadi tarehe 18 kujaza, kutokana na wikiendi na sikukuu ya jiji la Washington. Usihesabu kutoka hapo. Wapo pia watakaokushauri uombe muda wa nyongeza kwa fomu 4868. Nyongeza ya mwaka huu ni ya mapato ya 2025, haina nguvu yoyote juu ya 2022. Ingekusaidia tu kama ungeiomba mwaka 2023, kabla muda wa kujaza haujaisha.

Sasa kuhusu kiasi chenyewe. Wewe unahesabu dola 1,350 kwa sababu ndizo unazoziona zimeandikwa. Ni kweli ni zako, lakini sehemu kubwa ya marejesho ya mama mwenye watoto na mshahara kama wako haitokani na kodi iliyokatwa. Inatokana na nafuu mbili ambazo serikali inalipa hata kama kodi yako imeshafika sifuri. Moja ni nafuu ya watoto. Nyingine ni nafuu ya watu wanaofanya kazi kwa kipato kidogo, ile inayojulikana kwa herufi EITC. Hakuna anayekuletea nafuu hizi mlangoni. Zinapatikana kwa kujaza ritani tu, ndiyo maana mtu anayesema "kodi yangu walishakata kazini, kujaza kwa nini tena" anajidhulumu mwenyewe.

Tuchukue mshahara wako wa dola 27,000, na tuchukulie kwamba unastahili kujaza kama mkuu wa kaya, jambo ambalo nitalirudia. Kwa mwaka 2022 mkuu wa kaya hatozwi kodi kwenye dola 19,400 za kwanza. Zinabaki 7,600, na asilimia 10 yake ni dola 760. Hiyo ndiyo kodi yako ya mwaka mzima. Nafuu ya watoto ni hadi dola 2,000 kwa kila mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 17 mwishoni mwa 2022. Wako ni wawili, kwa hiyo nafuu inaifuta ile 760 yote, na katika inayobaki unaweza kulipwa mkononi hadi dola 1,500 kwa kila mtoto, yaani 3,000. EITC kwa watoto wawili na mshahara huo inakuja karibu dola 4,717. Ongeza 1,350 zako zilizokatwa, ambazo sasa zinarudi zote kwa kuwa hudaiwi kodi tena. Jumla ni kama dola 9,067.

Zile za Social Security na Medicare, asilimia 7.65 ya mshahara, hazirudi. Usikubali kudanganywa na mtu anayekuahidi kuzitoa. Hizo zinajenga pensheni na bima yako ya afya ya uzeeni.

Hesabu hiyo imesimama juu ya mambo matatu, na yote matatu lazima yawe kweli kwako.

La kwanza ni mtoto wa dada yako. Watu wengi wa kwetu wanamwacha mpwa nje ya ritani kwa kudhani sheria inataka mtoto wa kuzaa. Haitaki. Mtoto wa ndugu yako wa damu anahesabika sawa na wako kwa nafuu zote mbili, bila karatasi ya mahakama, ilimradi alikaa nawe nyumbani Marekani zaidi ya nusu ya mwaka 2022 na hakujilisha mwenyewe. Linalotakiwa ni uweze kuonyesha udugu huo na kwamba mlikaa pamoja. Hapo karatasi za kesi yenu ya ukimbizi zina thamani kubwa, kwa sababu zinataja jina lake na uhusiano wake nawe. Ongeza barua ya shule ya 2022 yenye anwani yenu, kadi ya chanjo au rekodi ya kliniki, na mkataba wa nyumba unaotaja watoto. Huzitumi pamoja na ritani, unaziweka tayari.

Kwa upande mwingine, kamwe usiandike mtoto ambaye hakuishi nawe. Mtoto aliyebaki Nyarugusu au Uvira, hata ukimtumia pesa kila mwezi, haingii kwenye EITC wala kwenye nafuu ya watoto ya mwaka huo. Anayeandika watoto wa watu anaweza kufungiwa EITC kwa miaka miwili kwa uzembe, au kumi ikionekana ni ulaghai, juu ya kurudisha pesa yenyewe. Nasema hivi kwa sababu wapo wajazaji wanaoongeza watoto bila hata kumwambia mwenye ritani.

La pili ni mume wako, na hapa nakuomba usome pole pole. Wewe ni mke wa mtu, kwa hiyo si sahihi kuandikwa Single, yaani asiye na ndoa, japo wajazaji wengi wanafanya hivyo kwa kuwa hawamwoni mume pale ofisini. Wala kujaza pamoja naye hakukufai. Hana namba ya Social Security, na mkijaza pamoja EITC yote inapotea, kwa sababu nafuu hiyo inazitaka namba za wote wawili. Njia yako iko katikati. Kama mume hakuwa mkazi wa Marekani mwaka 2022, na wewe ndiye uliyelipa zaidi ya nusu ya gharama za nyumba unayoishi na watoto, sheria inakuruhusu kuweka alama kwenye kisanduku cha Head of Household, yaani mkuu wa kaya. EITC nayo inakubali, kwa kuwa hamkuishi pamoja miezi sita ya mwisho ya mwaka ule na watoto walikuwa kwako zaidi ya nusu ya mwaka. Ndoa yako haipungui chochote kwa hilo, na kesi ya kumleta mumeo haiathiriki, kwa sababu unachoandika ndio ukweli.

La tatu ni namba za Social Security. Ili kupata nafuu hizi kwa mwaka 2022, wewe na watoto wote wawili mlitakiwa muwe na namba zinazokubalika kwa kazi, zilizotolewa kabla ya siku ya mwisho ya kujaza, yaani 18 Aprili 2023. Namba iliyopatikana baada ya hapo haifufui EITC ya 2022, hata ukidai ndani ya miaka mitatu. Wakimbizi kwa kawaida hupata kadi zao mapema baada ya kufika, kwa hiyo sina wasiwasi mkubwa juu yenu, lakini toa kadi zote tatu kabatini ukaangalie. Kama ya mtoto mmoja ilichelewa, hesabu inabadilika na unatakiwa kujua hilo kabla hujatuma.

Bahati yako ni kwamba mlifika Oktoba 2021. Tarehe 1 Januari 2022 mlikuwa tayari mko ndani ya nchi, na mkakaa mwaka mzima, kwa hiyo kwa kodi ulikuwa mkazi mwaka wote wa 2022. Aliyefika katikati ya 2022, kwa mfano Mei, ana hali tofauti: mwaka ule anahesabika nusu mgeni na nusu mkazi, na kwa kawaida EITC haipati. Huyo asichukue hesabu yangu na kuinakili.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Kwanza W-2. Pigia kiwanda, uliza idara ya mishahara, waambie unataka nakala ya W-2 ya 2022. Viwanda vikubwa mara nyingi vinazitunza kwenye mtandao. Wakikuzungusha, usibaki kuwasubiri. IRS yenyewe ina rekodi ya mshahara wako, kwa sababu kiwanda kilipeleka taarifa zako serikalini. Unaweza kuipata kwa kufungua akaunti kwenye tovuti ya IRS, kwa kutuma fomu 4506-T, au kwa kwenda ana kwa ana kwenye ofisi yao. Ofisini unakwenda kwa miadi, piga 844-545-5640, na unapozungumza nao sema kwa Kiingereza neno moja tu, "Swahili", wakuunganishe na mkalimani. Ni bure. Nenda na kitambulisho chenye picha na kadi ya Social Security. Fomu ya posta inaweza kuchukua wiki kadhaa, na wiki huna nyingi, kwa hiyo mimi ningeanza na akaunti ya mtandao au ofisi.

Vyote vikishindikana, ile karatasi ya mwisho ya mshahara wa Desemba 2022 itakuokoa. Inaonyesha jumla ya mwaka, mshahara na makato. Kuna fomu 4852 inayosimama badala ya W-2, unaijaza kwa tarakimu hizo na kueleza jinsi ulivyojitahidi kuipata W-2. Itunze karatasi hiyo kama unavyotunza pasi.

Pili, fomu. Unatumia fomu 1040 ya mwaka 2022 pamoja na viambatisho vyake viwili vya watoto, Schedule 8812 na Schedule EIC, vyote vya 2022. Ukitumia fomu ya mwaka huu, viwango vitakuwa vingine na ritani itaharibika. Na hapa kuna jambo ambalo wengi wanaligundua siku ya mwisho: ritani ya 2022 haitumwi tena kwa kompyuta. IRS inapokea kwa njia hiyo mwaka wa sasa na miaka miwili ya nyuma yake tu, na msimu huu hiyo ni 2025, 2024 na 2023. Ya 2022 lazima ichapishwe, isainiwe kwa kalamu na iende kwa posta. Ritani isiyo na sahihi inarudishwa, na ikirudishwa wakati muda umekwisha utakuwa kwenye shida kubwa. Ambatisha nakala ya W-2 mbele.

Tatu, posta. Anwani ya kutuma inategemea jimbo unaloishi sasa, yaani Ohio, si Texas ulikofanya kazi. Sheria inasema barua yenye muhuri wa posta wa siku ya mwisho au kabla inahesabika imefika kwa wakati, hata kama IRS itaipata baadaye. Lakini muhuri huo ndio ushahidi wako pekee. Usiitumbukize kwenye sanduku la barua la mtaani, kwa sababu muhuri unaweza kugongwa siku nyingine kabisa. Ingia posta, nenda dirishani, omba huduma ya Certified Mail, na hakikisha stakabadhi yako imegongwa tarehe pale pale mbele ya macho yako. Itunze pamoja na nakala kamili ya ritani. Bahasha hiyo iwe na ritani ya 2022 peke yake. Na tafadhali lenga mwisho wa Machi, usilenge tarehe 15.

Kwa nini nasisitiza kila kitu kiwe sahihi mara ya kwanza? Kwa kawaida mtu akisahau jambo anaweza kurekebisha kwa fomu 1040-X. Kwa ritani iliyochelewa hivi, marekebisho yatakayotumwa baada ya 15 Aprili nayo yanatazama nyuma miaka mitatu kutoka siku yatakapotumwa, na yatakuta pesa iko nje. Kwa hiyo ukimsahau mpwa wako leo, usitegemee kumwongeza Mei.

Kuhusu jimbo, Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo kwa 2022 kazi yako ni ya shirikisho tu. Msomaji aliyefanya kazi mwaka huo Kentucky, Iowa, Maine au kwingine aangalie na jimbo lake, kwa sababu kila moja lina muda wake wa kudai, na haulingani lazima na ule wa shirikisho.

Sasa huyo kaka wa asilimia 30. Kwa dola 9,067 anataka zaidi ya dola 2,700 kwa kazi ya saa chache. IRS yenyewe inawaonya watu dhidi ya mjazaji anayetoza asilimia ya marejesho, na sababu iko wazi: kadiri anavyoongeza uongo ndivyo anavyopata zaidi, na sahihi chini ya karatasi ni yako. Anayelipwa kwa kujaza ritani ya mtu lazima awe na namba ya IRS iitwayo PTIN, aiandike na kusaini. Mwulize namba hiyo. Akisema "nitakujazia ila jina langu lisionekane", ondoka. Akitaka cheki ije kwake au iingie kwenye akaunti yake, ondoka pia.

Una njia ya bure. Programu ya VITA ina vituo kwenye maktaba, makanisa na ofisi za jamii, na watu waliofundishwa na kupimwa na IRS wanawajazia bila malipo wenye kipato kama chako. Piga 800-906-9887 upewe kituo cha karibu. Si kila kituo kinajaza miaka ya nyuma, kwa hiyo swali lako la kwanza kwenye simu liwe kama wanajaza ya 2022. Waambie mapema kwamba mume yuko nje ya nchi na kwamba mtoto mmoja ni mpwa. Ukikosa kituo, mjazaji mwenye leseni anayetoza bei moja inayojulikana ni afadhali mara mia kuliko asilimia. Shirika lililowapokea mlipofika mara nyingi linamjua mtu wa kuaminika.

Nijibu hofu zako. Faini ya kuchelewa kujaza inapigwa juu ya kodi unayodaiwa. Wewe hudaiwi, unadai, kwa hiyo hakuna cha kupigia faini. Marejesho ya kodi hayahesabiwi kama kipato kwa SNAP na Medicaid (bima ya afya ya wenye kipato kidogo), na yakikaa benki hayahesabiwi kama mali kwa miezi 12. Kama ofisa wa SNAP akiona pesa hizo kwenye akaunti, mwonyeshe barua ya IRS kwamba ni marejesho.

Kuhusu uraia, hofu yako imekaa kinyume. Kwa mshahara wa dola 27,000 ulikuwa na wajibu wa kujaza mwaka 2022, si hiari. Fomu ya uraia, N-400, ina maswali kuhusu kodi. Kwa hiyo pengo la 2022 ndilo linaloweza kukuletea maswali kwenye mahojiano, na kulijaza sasa ndiko kunakokusafishia njia. Wala kupokea nafuu za kodi hakukufanyi uonekane mzigo kwa serikali. Kipimo hicho hakiwagusi wakimbizi. Hata hivyo nenda kwenye mahojiano na nakala ya ritani na stakabadhi ya posta. Lakini ndugu msomaji ambaye karatasi zake za uhamiaji hazijakaa sawa, au aliyefanya kazi kwa namba isiyo yake, asitume chochote kwa kusoma jibu hili. Azungumze kwanza na wakili wa uhamiaji.

Wapo watakaosoma hapa ambao mwaka 2022 walikuwa wakipeleka vyakula kwa gari au wakisuka nywele, wakalipwa bila kukatwa kodi. Kwao hesabu ni nyingine. Faida ikifika dola 400 wanatakiwa kujaza na kulipa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3, na hiyo inaweza kula sehemu ya nafuu au kuwaacha na deni. Bado nawashauri wajaze, kwa sababu moja isiyosemwa sana: mapato ya kujiajiri yanaandikwa kwenye hesabu ya pensheni ya Social Security ikiwa tu ritani imefika ndani ya miaka mitatu, miezi mitatu na siku 15 tangu mwaka ule uishe. Kwa 2022, hiyo nayo ni 15 Aprili 2026.

Kuna misamaha michache ya muda, kwa mfano kwa mtu aliyeugua kiasi cha kushindwa kusimamia pesa zake, kwa uthibitisho wa daktari, au kwa askari walio vitani. Ni milango myembamba. Asiyekuwa na hakika kama inamhusu atumie tarehe ya kawaida.

Ukishatuma, tarajia kusubiri. Ritani za karatasi zinachukua wiki nyingi, wakati mwingine miezi. Na tarajia barua. Moja inaweza kuwa ya kuthibitisha kwamba ni wewe kweli uliyejaza. Nyingine inaweza kuuliza uthibitisho wa watoto, hasa mpwa. Barua hizo zina siku ya mwisho ya kujibu, na mtu asiyejibu ananyimwa pesa ambayo ilikuwa haki yake. Ukihama nyumba, wajulishe IRS kwa fomu 8822 ili historia ya Texas isijirudie. Ukiona barua usiyoielewa, au ukikataliwa, tafuta kliniki ya kodi ya watu wa kipato cha chini, inayojulikana kama LITC. Wana mawakili, wanawahudumia pia watu wasiojua Kiingereza vizuri, na hutoza kidogo sana au hawatozi kabisa. Kama una deni la matunzo ya mtoto au la serikali, jua pia kwamba linaweza kukatwa kwenye marejesho kabla hayajakufikia.

Jambo la mwisho. Umesema tangu 2023 unajaziwa na mtu. Toa nakala za ritani hizo uangalie alama imewekwa wapi: Single au Head of Household, na kama watoto wote wawili wamo. Kama hakukupa nakala, mdai, ni haki yako. Ikiwa alikosea kwenye ritani ya 2023 na uliijaza kwa wakati, fomu 1040-X inapokelewa hadi 15 Aprili 2027. Maliza kwanza ya 2022, halafu uende VITA na hizo nyingine.